Kasa wa Misali na wavu wa Musoma

 

Neno "sisi" katika makala haya lina maana mbili. Kwanza ni sisi watu watano wa nyumba moja ya Kitaji, mjini Musoma: baba, mama na watoto watatu, tuliosafiri katika likizo ya Desemba kwenda kumzuru mjomba wa watoto kisiwani Pemba. Pili ni sisi wanakamati wa msikiti, ambao baba wa nyumba hiyo ndiye katibu wao na ndiye aliyeshika kalamu hii. Tulipoondoka nyumbani tuliamini kwamba mambo ya kamati tumeyafungia kabatini pamoja na daftari la michango. Haikuwa hivyo, na kilichotukumbusha ni kiumbe ambacho hakuna mmoja wetu aliyepata kukiona.

Watu wa ziwa wasiojua maji

Huenda wasomaji wa pwani wakacheka, lakini ukweli ni kwamba watu wengi tuliokulia ukingoni mwa Ziwa Victoria hatujui raha ya kuogelea. Mtoto wa Musoma hufunzwa mapema kwamba maji ni ya kuchota, ya kuvua na ya kuvukia; ya kuchezea ni yale yaliyomo ndani ya beseni. Wazazi wana sababu zao. Ziwani kuna mamba, kuna kiboko, na kuna kichocho, ugonjwa usioonekana kwa macho ambao humwingia mtu kupitia ngozi akiwa amesimama tu kwenye maji ya pembezoni. Kijana wetu mkubwa, mwenye miaka kumi na miwili, aliyajua yote haya kwa ghaibu kama ajuavyo Juzuu Amma.

Basi tuliondoka stendi ya Bweri kabla ya alfajiri, tukasali njiani sala za msafiri, tukalala Dar es Salaam, tukavuka hadi Unguja, na kutoka Unguja tukapanda meli ya kwenda Mkoani. Mama watoto alilala sakafuni mwa meli safari nzima, akiapa kwamba atarudi Musoma kwa miguu. Shemeji yetu, ambaye ni mwalimu Chake Chake, alitupokea gatini akacheka. "Dada," alisema, "mmetoka kwenye ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na bado maji yanakutisha?"

Siku ya tatu alitupeleka Misali.

Kisiwa cha msala

Misali ni kisiwa kidogo kisicho na wenyeji wa kudumu, kipatacho kilomita kumi magharibi ya Pemba. Kina msitu, mapango, fukwe nyeupe, na kuzungukwa na miamba ya matumbawe ambayo wavuvi wa vijiji vingi vya Pemba huitegemea kwa riziki yao. Wazee husimulia kwamba zamani Nabii Khidhri alifika kisiwani hapo, akawaomba wavuvi msala wa kusalia, nao hawakuwa nao. Akasema kwamba kisiwa chenyewe, kwa jinsi kilivyoelekea, kitakuwa msala wake. Ndipo kikaitwa Misali.

Tuliyapokea maneno haya kama simulizi ya wazee, si kama hoja ya dini. Hata hivyo tuliona namna yalivyokaa katika kifua cha nahodha wetu. Alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe na kofia ya kiua, na alipokanyaga mchanga wa Misali alivua viatu. Hakutuambia nasi tuvue. Watoto walivua wenyewe.

Tukagaiwa miwani ya kupigia mbizi na mirija ya kuvutia pumzi. Mlinzi mmoja kijana wa hifadhi alitufundisha: laza uso majini, pumua kwa kinywa taratibu, usisimame juu ya matumbawe kwa kuwa ni viumbe hai, na usiguse chochote. Mama watoto, akiwa na vazi lake la kuogelea lililomsitiri mwili mzima, aliingia kwanza, jambo lililotuaibisha wanaume. Mabinti wawili wadogo walibaki na mjomba wao kwenye maji ya magotini. Tukafuata, kijana na babaye, tumeshikana mikono kama watu wanaovuka barabara ya lami.

Hatuna maneno ya kutosha kueleza tulichokiona tulipolaza nyuso. Kwa miaka mingi tumesoma katika Qur'ani kwamba bahari imetiishwa kwa ajili yetu, ndani yake mkiwa na chakula kibichi na mapambo. Tumeyafundisha hayo madrasa. Lakini tulikuwa tukifundisha habari za nyumba ambayo hatujapata kuingia. Samaki wa rangi za kanga walipita mbele ya miwani bila kutujali. Matumbawe yalisimama kama kichaka, mengine kama ubongo, mengine kama pembe za swala. Na ukimya ule! Mtu husikia pumzi yake tu, ikiingia na kutoka, na huona kwamba hata pumzi hiyo ni ya kuazima.

"Mamba!"

Tulikuwa tumezoea kidogo pale kijana wetu alipopiga kelele ndani ya mrija wake. Sauti ilitoka juu ya maji kama tarumbeta iliyopasuka: "Mamba! Baba, mamba!"

Alichokiona ni kitu chenye magamba, kirefu kuliko mkono wa mtu mzima, kikipanda kutoka kwenye kivuli cha mwamba kuja moja kwa moja kwetu. Tunakiri mbele ya wasomaji kwamba katibu wa kamati, mhitimu wa chuo cha Kiislamu, naye alidhani ni mamba. Hakukumbuka dua. Alichokumbuka ni kumvuta mtoto nyuma yake na kupiga mateke maji bila mpango, akameza maji ya chumvi ya kutosha kukolezea sufuria la wali.

Mlinzi alifika akacheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa kasa, wa aina iitwayo ng'amba, mwenye mdomo uliochongoka kama wa ndege na magamba yaliyopandana mgongoni. Hakuwa akitushambulia. Alikuwa akipanda kutafuta hewa, na alipanda kwa shida, upande mmoja umelemaa. Kwenye bega la kikono chake cha mbele ulikuwa umejizungusha wavu, nao umekaza hadi kukata ngozi, na kipande kirefu cha wavu huohuo kilimfuata nyuma kikiburuta vijiti na mwani.

"Yuataka kupumua huyo," nahodha alisema kutoka kwenye chombo. "Mpeni nafasi. Msimshike kichwa, atawauma."

Inafaa tueleze hapa jambo ambalo sisi hatukulijua. Kasa huishi baharini lakini hana matamvua kama samaki. Anavuta hewa kwa mapafu kama mimi na wewe. Akiwa ametulia anaweza kukaa chini muda mrefu sana, lakini akinaswa na kuanza kupigana na wavu, pumzi humwishia upesi, naye hufa maji. Mnyama aliyeumbiwa bahari huzama kama mtoto aliyetumbukia kisimani.

Mlinzi na nahodha walimsogeza ubavuni mwa chombo, kichwa kikiwa juu ya maji, mmoja akishika gamba huku na mwingine kule. Nahodha alitoa kisu kidogo cha kuparia samaki. Alianza kwa Bismillahi, akakata uzi mmoja mmoja, polepole, kwa kuwa nyuzi nyingine zilikuwa zimezama ndani ya nyama. Tulishikilia ukingo wa chombo tukitazama. Jicho la kasa lilikuwa jeusi, kubwa, lenye kutiririka maji. Wataalamu husema machozi yale ni njia yake ya kutoa chumvi mwilini, wala si kilio. Mama watoto alilijua hilo baadaye. Wakati ule alikuwa akilia pamoja naye.

Wavu ulipotoka, kasa hakugeuka kutuangalia wala kufanya lolote la hadithi za watoto. Alivuta hewa mara mbili kwa sauti ya mtu mzee anayeinuka kitini, akainama, akashuka kwenye kivuli cha mwamba na kutoweka. Kikono kile bado kilikuwa kizito. Mlinzi alisema huenda kitapona, huenda kisipone.

Kijana wetu aliuokota wavu kutoka sakafuni mwa chombo. Aliugeuza mkononi, akaunyoosha mbele ya jua. Ulikuwa uzi mmoja mwembamba wa plastiki, unaong'aa kama kioo, mgumu kuonekana majini. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini:

"Baba, hii si ni timba?"

Tulilolijua tukalinyamazia

Hapa lazima tueleze "sisi" ya pili.

Timba ndilo jina ambalo sisi wa ziwani tunauita wavu wa namna hiyo. Ni rahisi kwa bei, na kwa kuwa samaki hauoni, hunasa vizuri kuliko wavu wa uzi uliosokotwa. Umepigwa marufuku katika Ziwa Victoria, na sababu zake zinajulikana: hauchagui mkubwa na mdogo, hukatika upesi, na ukikatika hauozi. Hukaa chini ya maji ukiendelea kuvua kwa miaka bila mwenyewe, ukiua samaki ambao hakuna atakayewala wala kuwauza.

Miezi mitatu kabla ya safari yetu, mtu mmoja wa jamaa ya msikiti wetu alileta shilingi laki nane kwa ajili ya kuezeka upya upande wa wanawake, uliokuwa ukivuja. Ni mtu mwema. Haikosi swala ya Alfajiri, watoto wake wanne wako madrasa, na jirani akifiwa yeye ndiye wa kwanza kubeba jeneza. Vilevile ana mitumbwi miwili, na mitumbwi hiyo huvua kwa timba, usiku, kwenye maji ya kina kifupi yenye matete ambako samaki huzalia. Kila mtu mwaloni anajua. Sisi wanakamati tulijua. Tuliandika stakabadhi, tukamwombea baraka mbele ya safu, mabati yakapigwa.

Hatukusema neno. Tulijiambia kwamba hilo ni jambo la serikali na maofisa uvuvi. Tulijiambia kwamba mtu ana watoto. Kwa hakika tulikuwa tukiogopa kupoteza mabati.

Sasa mtoto wetu alikuwa ameshika kipande cha wavu uleule, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Musoma, akisubiri jibu. Tulimwambia, "Ndiyo, mwanangu, ni kama timba." Akauliza, "Kwa hiyo na kule kwetu unakamata hivi?" Tukasema, "Huko hakuna kasa." Lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa jibu la kukwepa.

Somo walilotutangulia Wapemba

Wakati wa kurudi, upepo ulipungua na nahodha akawa na muda wa kuzungumza. Alituambia kwamba ujanani mwake bahari ile ilisikika ikilipuka. Baadhi ya wavuvi walitumia baruti: mlipuko mmoja, samaki wanaelea, matumbawe yanabaki kifusi. Wengine walitumia nyavu za kukokota na sumu. Sheria zilikuwapo, lakini doria haiwezi kulinda kila mwamba, na mvuvi mwenye njaa humwona mlinzi wa hifadhi kama mwizi wa riziki yake.

Mwaka 1998 Misali ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi. Wavuvi waliendelea kuruhusiwa kuvua sehemu kubwa ya maji hayo, isipokuwa sehemu moja iliyofungwa kabisa ili samaki wazaliane. Katika miaka hiyo ndipo lilipofanyika jambo linalotupasa sisi watu wa misikiti kulitazama vizuri. Shirika la CARE, likishirikiana na taasisi ya Kiislamu ya mazingira iitwayo IFEES yenye makao yake Birmingham, Uingereza, ambayo mwanzilishi wake ni Fazlun Khalid, lilianza kuwafundisha wavuvi, walimu na maimamu wa Pemba kuhusu bahari kwa kutumia mafundisho ya dini yao wenyewe. Walianza na Qur'ani: kwamba mwanadamu ni khalifa, mwenye dhamana ya ardhi na si mmiliki wake, kwamba Mwenyezi Mungu ameweka mizani katika viumbe na akakataza kuipunja, kwamba uharibifu uliodhihiri barani na baharini umetokana na yale iliyoyachuma mikono ya watu. Sharia pia ina utaratibu wa himaya, yaani kutenga eneo kwa manufaa ya wote, ambao Mtume, rehema na amani zimfikie, aliutumia mwenyewe kule Madina.

"Sheria ya serikali," nahodha alisema, "mtu aweza kuikimbia kwa kuzima taa. Ya Mola wako utaikimbilia wapi?"

Hakudai kwamba kila kitu kimetengemaa. Kasa yule alikuwa ushahidi. Nyavu hupotea, bahari huleta za mbali, na wapo wanaovunja miiko hadi leo. Lakini alisema amri ile ilibadilika mdomoni mwa watu. Zamani mvuvi alisema "wametukataza." Siku hizi wapo wanaosema "haifai."

Tulimkumbusha kisa cha Khidhri na Nabii Musa katika Surat Al-Kahf: jahazi lililokuwa la maskini wafanyao kazi baharini, ambalo Khidhri alilitoboa, Musa akashangaa kwa nini anawadhuru watu waliowasaidia. Baadaye ikabainika kwamba mbele yao palikuwa na mfalme anyang'anyaye kila chombo kizima. Nahodha alitabasamu. Alisema wakati hifadhi inaanza, wavuvi nao waliona jahazi lao linatobolewa. Ilichukua miaka kuona kilichokuwa mbele. Kisha akaongeza jambo tulilolipenda: "Lakini mimi na wewe si Khidhri. Yeye alifunuliwa. Sisi yatulazimu tukae na mvuvi, tumsikilize, tumwoneshe."

Tahadhari kwa familia

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia, hatuna budi kutaja jambo moja zaidi. Usiku ule, tukila kwa shemeji, kijana wetu aliuliza kama kasa huliwa. Mezani pakanyamaza. Mnamo Machi 2024, katika Kisiwa Panza kilicho kusini mwa Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine wengi wakalazwa. Novemba 2021 pia watu saba walifariki Pemba kwa sababu hiyohiyo. Nyama ya kasa wakati mwingine huwa na sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Hakuna alama ya kumtambulisha kasa mwenye sumu na asiye nayo, na watoto wadogo ndio hupatwa zaidi.

Wanazuoni wa fikihi wametofautiana tangu zamani kuhusu kula kasa. Lakini hawakutofautiana kwamba kinachoua hakiliwi. Kwa mzazi, hilo latosha. Zaidi ya hayo, sheria za nchi yetu zinamlinda kasa, kwa sababu hukua polepole sana: ng'amba huchukua takriban miaka ishirini au zaidi kabla ya kuanza kutaga, na jike hurudi kutaga katika eneo la pwani alikototolewa. Anayemuua mmoja leo amefunga mlango ambao utachukua umri wa kijana kufunguka tena.

Tuliporudi

Tulirejea Kitaji katika wiki ya kwanza ya Januari. Kipande cha wavu kilikuwa ndani ya begi la kijana, kimefungwa kwenye gazeti. Tulikiweka mezani kwenye kikao cha kamati, kando ya daftari la michango, tukasimulia.

Kikao kilikuwa kigumu. Mmoja wetu aliuliza kama sasa kamati itaanza kumchunguza kila mtoa sadaka, na kama ni hivyo, aanze kuchunguzwa nani: mwenye duka anayepunja mizani, au mtumishi anayepokea cha juu? Mwingine akasema mabati hayawezi kung'olewa, na wanawake hawawezi kurudishwa kwenye mvua. Wa tatu, mzee kuliko sote, alisema neno lililotunyamazisha: "Hatuulizwi tumchunguze mtu. Tunaulizwa kwa nini tulilolijua hatukumwambia ndugu yetu."

Watatu kati yetu tulikwenda nyumbani kwake baada ya Isha. Tulikwenda bila hotuba, tukaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe kwamba tulinyamaza kwa sababu ya fedha yake. Alisikiliza. Alikiangalia kile kipande cha wavu kwa muda mrefu. Kisha akajibu kwa maneno ambayo hatujayasahau.

"Ustadhi, mnadhani sijui? Marehemu baba yangu alirudi na sato waliojaza mtumbwi kwa nyavu za uzi. Mimi narudi na vidogo visivyofika kiganja. Najua ni nani anayevimaliza. Lakini wavu halali bei yake ni mara tatu, nami nina wanne wa kulisha. Nyinyi samaki hao mmewala. Mabati mmeyapiga. Leo mmeona kasa ndiyo mkanikumbuka?"

Hatukuwa na jibu, kwa sababu alisema kweli. Tulimwomba radhi, tukarudi.

Kikao kilichofuata ndicho kilichotoa uamuzi. Tulipima katika mfuko wa msikiti, tukatenga shilingi laki nane, kiasi kilekile alichotupa, tukaufanya mkopo mwema usio na riba wala faida, wa kununulia nyavu halali. Tulimpa yeye kwanza, alipe kidogo kidogo kadiri awezavyo, na akimaliza apewe mvuvi mwingine. Sharti lilikuwa moja: timba za mtumbwi atakaonunulia nyavu zisikae tena nyumbani. Alikubali kwa mtumbwi mmoja. Wa pili anasema ataufikia, Inshaallah. Hatukumlazimisha. Imamu wetu naye alianza darsa za baada ya Maghrib kuhusu ziwa na amana, na kwa mara ya kwanza tuliwaona vijana wa mwaloni wakibaki hadi mwisho, wakibishana, wakiuliza.

Hatudai kwamba ziwa limepona. Ziwa lililopoteza aina nyingi za furu baada ya sangara kupandikizwa karne iliyopita, linalobeba mamilioni ya watu wa nchi tatu, haliponi kwa mtumbwi mmoja wa Kitaji. Malipo ya mkopo nayo yamechelewa mara mbili. Tunaandika ili kamati nyingine zilizo ukingoni mwa maji, kuanzia Musoma na Bunda hadi Tanga na Mafia, zijiulize tuliyochelewa kujiuliza: kuna nini mwaloni kwetu ambacho mimbari inakijua na imekinyamazia? Na tukikitaja, tumejiandaa kumsaidia ndugu yetu kukiacha, au tunataka tu kumwaibisha?

Na kwa wazazi tunasema: mkijaliwa nafasi, waonesheni watoto wenu yaliyomo ndani ya maji, hata kama ni kwa kukaa ukingoni na kutazama tu. Kijana wetu bado haogelei ziwani, maana mamba wangalipo na kichocho kingalipo. Lakini siku moja alirudi kutoka mwalo wa Mwigobero na furushi la nyuzi za timba alizookota ufukweni. Mama yake alimuuliza za nini. Akasema za kuchomwa, zisirudi majini. Tukamwambia aziweke mahali salama hadi tujue pa kuzipeleka, kwa sababu moshi wa plastiki nao una madhara yake. Furushi lile bado liko nyuma ya nyumba, na kila wiki linazidi kuwa kubwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulichokinyamazia, awape wavuvi wetu riziki pana na ya halali, na atujaalie kuwa waangalizi wema wa alichotukabidhi. Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.